SOMO LA VIKUNDI: BINTI ZETU WALIO MJINI



Mwaka 2023, baada ya ule ukame mrefu, tulikuwa na semina ya siku mbili kule Korbesa, upande wa Merti. Tulikaa chini ya mti kama kawaida, wazee upande mmoja, akina mama upande mwingine, vijana nyuma. Mada ilikuwa mifugo na maji. Siku ya pili mama mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, mnatuuliza tumepoteza ng'ombe wangapi. Mbona hamtuulizi tumepoteza mabinti wangapi?"

Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akamjibu, "Hao hawakupotea. Walienda wenyewe, wamekuwa malaya wa Isiolo. Watu wa maendeleo wana kazi gani na malaya?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Nilisema maneno mawili matatu ya heshima, tukarudi kwenye mambo ya maji. Lakini swali la mzee ni swali halali, na nimesikia hata wafanyakazi wenzangu wakiliuliza, ingawa wao wanauliza kwa sauti ya chini. Somo hili ni jibu langu, ingawa limechelewa. Tutafuata njia yetu ya siku zote: kwanza tutazame, halafu tufikiri, halafu tutende.

1. TUTAZAME: WANATOKA WAPI?

Tusianze na dhambi. Tuanze na safari.

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mnajua wenyewe yaliyotokea. Boma lililokuwa na ng'ombe likabaki na mbuzi, na lililokuwa na mbuzi likabaki na punda wa kubebea maji. Mwanamume akaenda mbali na mifugo iliyobaki. Msichana akatoka shule. Halafu shangazi au jirani aliye mjini akapiga simu: kuna kazi ya kuosha vyombo hotelini, aje.

Isiolo nayo ni mji wa njia. Ni mji wa kambi za jeshi tangu zamani, na tangu barabara ya lami kwenda Moyale ikamilike katika miaka ya 2010, malori yanapita usiku na mchana. Penye malori pana hoteli, penye hoteli pana vyumba vya kulala, na penye vyumba pana wanaume wenye pesa mfukoni na wake zao mbali. Yule binti wa kuosha vyombo analipwa kidogo, tena wakati mwingine halipwi. Kodi ya chumba haingoji. Ana mtoto. Nyumbani wanasubiri unga. Basi, jioni moja anakubali kile alichokuwa akikikataa.

Sisemi wote ni hivyo. Wapo walioachwa na waume, wapo wajane, wapo waliokimbia ndoa za utotoni. Wapo pia wanaosema wazi, "Nimehesabu, hii inalipa kuliko kufua nguo za watu." Nimezungumza na wa kila aina. Nilichokikuta kwa karibu wote ni hiki: mwezi ukifika kati wanatuma pesa nyumbani kwa simu. Pesa zile zinafika Garba Tulla, Merti, Korbesa. Zinanunua unga, zinalipa karo, na mara nyingine zinanunua mbuzi. Zikifika, hakuna anayeuliza zimetoka wapi.

Jambo hili si geni Kenya. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi wakati wa ukoloni. Alionyesha kwamba baada ya magonjwa ya mifugo na njaa ya miaka ya 1890, wako mabinti waliofanya kazi hii ili familia zao zipate mifugo tena. Wengine baadaye walijenga nyumba za kupangisha katika mitaa kama Pumwani. Kwa hiyo yanayotokea kwetu leo yana zaidi ya miaka 100: ng'ombe wanakufa, na binti anatumwa kwenda kuwarudisha. Tofauti ni kwamba sisi tunapokea ng'ombe na kumkataa binti.

2. KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla sijafundisha mtu, lazima niseme kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata fedha kidogo za mradi. Nikakusanya wanawake wanane wa Isiolo waliokuwa wakiuza ngono. Nikawanunulia vyerehani vinne, nikawatafutia mwalimu, nikawapa sharti moja: atakayeonekana tena usiku kwenye vyumba vya malori, ameondoka kwenye kikundi. Niliona ni sharti zuri. Wafadhili nao walilipenda.

Sikuwauliza wanahitaji nini. Sikuhesabu fundi mgeni wa nguo anapata shilingi ngapi kwa wiki katika mji wenye mafundi wengi. Sikuuliza kodi italipwa na nani katika miezi sita ya kujifunza. Basi wakaendelea kwenda usiku, ila sasa walikwenda kwa kujificha kwangu.

Mmoja wao alipigwa na kubakwa na wanaume wawili waliokataa kulipa. Hakuja kwangu. Alijua nikisikia alikuwa wapi, nitamfuta jina. Hakwenda hospitali pia, kwa sababu safari ya nyuma muuguzi alimtangaza mbele ya foleni. Alikuja siku ya tano, jicho limevimba, na bado maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Mwalimu, naomba usiniondoe."

Ndugu msomaji, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Siku tano ni saa 120. Baadaye alipimwa akakutwa na virusi. Leo anakunywa dawa zake, ana nguvu, analea watoto wake wawili. Siwezi kusema kwa hakika kwamba dawa zile zingemwokoa. Lakini wakati ulikuwepo, na sharti langu ndilo lililosaidia kuupoteza.

Tangu hapo nimejifunza jambo moja, na ndilo kiini cha somo hili: haki za mtu hazingoji aache kazi yake. Matibabu, ulinzi wa polisi, kitambulisho, cheti cha mtoto, kusikilizwa, haya si zawadi ya kumpa akishatubu. Ni yake leo. Na mfanyakazi wa maendeleo akiyafanya kuwa zawadi, ataogopwa na wale wale anaotaka kuwasaidia.

3. TUFIKIRI: SHERIA INASEMAJE?

Watu wengi, hata askari wengine, hawajui sheria. Tuieleze kwa ufupi.

Kanuni za Adhabu za Kenya, vifungu vya 153 hadi 156, zinawalenga hasa wale wanaoishi kwa mapato ya ukahaba na wale wanaoendesha madanguro. Hakuna kifungu cha sheria ya taifa kinachosema waziwazi kwamba mtu mzima akiuza ngono yake mwenyewe ametenda kosa. Lakini hiyo haina maana kwamba kazi hii ni halali na imetulia. Kaunti na miji ina sheria ndogo ndogo, kama zile za kuzurura kwa nia ya ukahaba, na hizo ndizo zinazotumika kuwakamata wanawake usiku.

Akikamatwa, Katiba ya 2010 iko upande wake kama ilivyo upande wako na wangu. Kifungu cha 49 kinasema aambiwe kosa lake mara moja kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama. Kumwambia atoe kitu kidogo au atoe mwili wake ili aachiliwe ni uhalifu wa yule askari. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu. Kifungu cha 43 kinampa haki ya afya, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Akibakwa, amebakwa. Wako wanaocheka na kusema, "Kahaba atabakwaje?" Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haicheki. Inataka aliyebakwa atibiwe katika hospitali ya umma, na kifungu cha 34 kinazuia kuuliza mambo yake ya kingono ya zamani kortini bila ruhusa ya mahakama. Kukubali mteja wa jana si kumkubali mtu wa leo.

Akienda kupimwa, asilazimishwe. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya 2006 inakataza kumpima mtu kwa nguvu, na inalinda siri ya majibu yake.

Akiwa chini ya miaka 18, hapo mambo yanabadilika kabisa. Huyo si mfanyabiashara wa ngono. Ni mtoto anayenyanyaswa, na anayemnunua ni mhalifu, hata kama mtoto alikubali, hata kama mzazi alipokea pesa. Hapa mfanyakazi wa maendeleo hatunzi siri. Anaripoti kwa afisa wa watoto au anapiga simu ya bure 116.

Nchi zinatofautiana juu ya kazi hii. Sweden tangu 1999 inamwadhibu mnunuzi, haimwadhibu anayeuza. New Zealand iliondoa adhabu mwaka 2003. Wakenya wataendelea kubishana, na wenye kazi hii wenyewe wana sauti yao, kwa mfano kupitia muungano wao wa KESWA ulioanza 2010. Wewe na mimi tunaweza kuwa na maoni tofauti juu ya sheria iweje. Lakini kuhusu kupigwa, kubakwa, kuporwa na kunyimwa dawa, sioni tuna nini cha kubishania.

Tena jambo hili ni la faida kwa mji wote. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha hesabu za wataalamu: kukomesha ukatili wa kingono dhidi ya wanawake hawa peke yake kungeweza kuzuia kama asilimia 17 ya maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kati yao na wateja wao nchini Kenya, kwa muda wa miaka kumi. Na wateja, tukumbuke, wana wake nyumbani.

4. NA KANISA?

Mzee wa Korbesa ni Mwislamu, mimi ni Mkatoliki. Dini zetu zote mbili hazikubali biashara hii, na sitaki kudanganya mtu kwamba zimebadilika. Lakini katika Injili, wanaume walipomleta mwanamke mmoja apigwe mawe, Yesu hakuanza na mwanamke. Alianza na wale wenye mawe. Alipowamaliza wao ndipo akazungumza naye, na kwanza alimwambia kwamba hamhukumu. Sisi tumezoea kubadilisha utaratibu huo.

Mwaka 2007 Vatican ilitoa mwongozo kuhusu uchungaji wa barabarani, na sehemu yake moja inahusu wanawake wa barabarani. Mwongozo huo unataka waheshimiwe kama watu na wasaidiwe kupata njia. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwatembelea huko Roma wanawake waliotoka katika ukahaba, akakaa akawasikiliza.

Wasomaji wengine watauliza kuhusu kondomu. Nijibu bila kuzunguka. Mimi ni mfanyakazi wa Kanisa na sigawi kondomu. Lakini simfichi mtu kliniki ya serikali iko wapi, wala simdanganyi kuhusu yale atakayoambiwa na daktari. Kumnyima mtu habari za kuokoa uhai wake si kulinda imani.

5. TUTENDE: KAZI YA MFANYAKAZI WA MAENDELEO

Haya ni mambo saba ninayojaribu kuyafuata sasa.

Kwanza, sikiliza kabla ya kupanga. Wale waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya 1974 na Anne Hope na Sally Timmel, watakumbuka: anza na jambo linalowauma watu wenyewe. Nilipouliza hatimaye, hakuna aliyetaja cherehani. Walitaja askari wa usiku, mahali pa kuwaacha watoto, na muuguzi mwenye mdomo.

Pili, angalia ulimi wako. Usiseme malaya. Mwite dada, mwite mama fulani, kwa jina la mtoto wake, kama unavyomwita jirani yeyote. Ukimtaja mbele za watu kwa kazi yake, umemweka hatarini.

Tatu, tunza siri. Usipige picha, usiandike majina kwenye ripoti, usiwapeleke wafadhili chumbani kwao kuwatazama. Wengi wao nyumbani wanajulikana kama wahudumu wa hoteli.

Nne, shughulikia karatasi. Msichana aliyetoka mashambani bila kitambulisho hawezi kuandikisha simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti, na askari anamshika kwa sababu hiyo tu. Kumsindikiza kwa chifu na kwa ofisi ya usajili ni kazi ndogo yenye matunda makubwa. Vivyo hivyo cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Tano, jenga njia kabla ya hatari. Jua ni muuguzi gani anayefaa, ni afisa gani wa polisi anayesikia, kortini kuna nani. Mwanamke akishambuliwa, asioge, asibadilishe nguo kama inawezekana, aende hospitali kwanza, ndani ya saa 72, halafu polisi apewe fomu ya P3. Simu 1195 ni ya bure kwa waliofanyiwa ukatili. Mfundishe kila mmoja mambo haya mapema, maana siku ile hatakumbuka kuuliza.

Sita, saidia wakae pamoja. Kikundi cha akiba cha watu kumi kinaweza kumlipia mwenzao kodi anapougua, asilazimike kutoka usiku akiwa na homa. Kinaweza kwenda ofisini wakiwa kumi. Mmoja atafukuzwa, kumi watapewa kiti.

Saba, anayetaka kuacha, msaidie kuacha. Wapo wengi wanaotaka, na tusiwachoke. Lakini iwe kwa hesabu za kweli na kwa wakati wake, na akirudi nyuma mlango usifungwe. Vile vyerehani vinne, viwili viliuzwa. Viwili vinafanya kazi hadi leo, mikononi mwa wanawake walioacha wenyewe, miaka miwili baada ya sharti langu kuondolewa.

6. TURUDI KORBESA

Yule mama aliyeuliza kuhusu mabinti alikuwa na sababu. Binti yake alikuwa amerudi mwezi uliotangulia, na mtoto mgongoni. Akina mama walikuwa wanamwacha ateke maji wa mwisho. Mtoto alikuwa akiitwa majina.

Waborana wana desturi nzuri ambayo watu wa maendeleo tunaisifu kila mahali: busa gonofa. Aliyemalizwa na ukame au vita anasaidiwa na ukoo wake kwa mifugo ili asimame tena. Miezi michache baada ya semina nilirudi, nikaenda kwa yule mzee nyumbani kwake, nikamsalimu, tukanywa chai. Nikamuuliza, "Mzee wangu, busa gonofa inauliza mtu alipotezaje mifugo yake?" Akasema hapana, inaangalia tu kama amepungukiwa na kama ni mtu wa ukoo. Nikamuuliza, "Na huyu binti amepungukiwa?" Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Unaniuliza jambo gumu, Mwalimu." Nikamwambia hata kwetu Kanisani ni gumu.

Sijasikia kwamba alipewa mbuzi. Ila kikundi cha akina mama kimemwandika kuwa mwanachama, na sasa yeye ndiye anayeandika hesabu zao, maana alifika darasa la nane. Na mama yake ameniambia maji anateka kwa zamu yake kama wengine. Ni kidogo, lakini mwaka juzi halikuwepo hata hilo.

Kwa hiyo, mzee wangu, ukisomewa ukurasa huu, jibu langu ndilo hili. Kazi yetu na hao unaowaita malaya ni ile ile tuliyo nayo na wewe wakati wa ukame: kuhakikisha mtu hakosi haki yake kwa sababu yuko katika shida. Walienda wenyewe, ni kweli. Lakini tuliwaona wakiondoka, na pesa zao tulizipokea.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni wasichana wangapi wameondoka tangu ukame? Mnajua wanafanya kazi gani na wanalipwaje?

2. Mwanamke anayeuza ngono akipigwa usiku wa leo katika mji wenu, ataenda wapi? Ni mlango gani utakaofunguka, na ni upi utakaofungwa?

3. Je, mradi wenu una sharti linalowafanya watu wajifiche? Litoeni hadharani mlijadili.

4. Binti akirudi nyumbani, ni nini kinachomzuia kukaa? Ni jambo gani moja mnaloweza kubadilisha kabla ya mvua zijazo?

Viongozi wa vikundi, msikimbilie swali la nne. Kaeni kwanza na la kwanza. Na kama katika kikundi chenu yumo mwanamke aliyepitia maisha haya, msimlazimishe ajitaje. Akitaka kusema atasema mwenyewe, na wengine watulie wasikilize.